Charles Bulfinch, Mjenzi wa Boston

Charles Bulfinch alizaliwa mjini Boston, Marekani, mwaka 1763. Baba yake alikuwa daktari. Alipokuwa na umri wa miaka 11 aliviona kutoka nyumbani kwao vita vya Bunker Hill, Wamarekani wakipigana na Waingereza. Alisoma katika chuo cha Harvard, kisha mwaka 1785 akaenda Ulaya kutazama majengo.

Siku zile nyumba za Marekani zilijengwa kwa mtindo wa Georgian, ulioitwa hivyo kwa jina la wafalme wa Uingereza: kuta nene za matofali, na madirisha yaliyopangwa sawasawa kushoto na kulia kwa mlango. Bulfinch aliporudi alijenga kwa wepesi zaidi: nguzo nyembamba, kuta laini, na juu ya mlango dirisha mfano wa pepeo. Mtindo huo wa taifa jipya huitwa Federal.

Kwanza alichora ramani za majengo bila kudai malipo. Mwaka 1793 alianza kujenga nyumba 16 zilizoshikamana, zimepinda kama mwezi mwandamo. Wenzake walijitoa katika shauri lile, naye akatia fedha zake mwenyewe. Mwaka 1796 akafilisika, akawa hana budi kuchora kwa ujira ili awalishe watoto wake. Hata hivyo hakuiacha kazi. Mwaka 1798 Nyumba ya Serikali ya Massachusetts ilikwisha, yenye kuba kubwa juu ya kilima.

Tangu 1799 alikuwa mkuu wa baraza la mji. Lakini madeni hayana heshima: Julai 1811 alifungwa mwezi mzima, tena katika gereza alilolichora yeye mwenyewe! Alipotoka alirudi kazini kama kwanza.

Mwaka 1817 Rais Monroe alizuru Boston, na Bulfinch ndiye aliyemtembeza. Mwaka uliofuata aliitwa Washington kulimaliza jengo la Bunge, lililochomwa na Waingereza mwaka 1814. Alifanya kazi hiyo mpaka 1829, akarudi kwao, akafa mwaka 1844.

Zile nyumba 16 zilibomolewa mwaka 1858. Nyumba ya Serikali ingali imesimama, na kuba lake lilipakwa dhahabu mwaka 1874. Basi, ndugu wanafunzi, aliyeanguka si lazima abaki chini. Mstahimilivu hula mbivu.