Paul Bomani: Kijana wa Usukumani aliyeanzia kwenye mizani ya pamba

Muulize mkulima yeyote wa pamba wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega ugomvi wa msimu huzuka lini. Hatakuambia wakati wa palizi, wala wakati wa kuvuna. Atakuambia siku ya kupima. Siku hiyo kazi yake imeshakwisha: amelima, amepanda, amepalilia, amenyunyizia dawa, amevuna, ametenga pamba safi na pamba fifi. Kwake yeye imekamilika. Lakini anayepokea anatazama gunia na kusema uzito si huo, au daraja si hilo. Hapo ndipo watu wawili wanapobishana juu ya kazi ambayo haiwezi tena kufanywa upya.

Mtu aliyeushughulikia mzozo huu kuliko wengine wote katika Kanda ya Ziwa alikuwa Paul Bomani. Vijana wengi wanalijua jina lake kama la waziri au balozi wa zamani. Wazee wa pamba wanamkumbuka kwa jambo jingine.

Bomani alizaliwa tarehe 1 Januari 1925 huko Ikizu, upande wa Musoma. Alikuwa Msukuma, na baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma katika shule za kanisa hilo. Mdogo wake, Mark Bomani, baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa kwanza mzalendo wa nchi yetu. Paul hakufuata sheria. Alianza kazi ya ofisini kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, mahali ambapo kitu kidogo sana hupimwa kwa uangalifu mkubwa sana. Sijui kama hilo lilimfundisha lolote kuhusu mizani, ila ni rahisi kuliwaza. Mwaka 1947 alihamia Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Ili uelewe alichokikuta, msikilizaji, inabidi ujue pamba iliuzwaje wakati ule. Nchi yote hii, kuanzia Ntuzu, ambako leo ni Bariadi, hadi Geita na Ukerewe, ilikuwa chini ya serikali ya Waingereza katika Jimbo la Ziwa. Mkulima aliruhusiwa kuuza kwa mnunuzi mwenye leseni tu, kwenye kituo kilichopangwa. Wengi wa wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambulia walikuwa watu wa asili ya Asia. Bei ilitangazwa na serikali, kwa ratili, na kila daraja na bei yake.

Hapa ndipo penye fundo. Bei ikishawekwa na mtu mwingine, mnunuzi hawezi kuongeza faida kwa kuishusha bei. Lakini anaweza kuongeza faida kwenye sindano ya mizani. Anaweza kuondoa uzito wa gunia kupita kiasi, kuzifuta ratili zisizotimia, au kuiita pamba safi kuwa fifi. Hayo ndiyo malalamiko yaliyojaa Usukumani baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkulima alikuwa na uhakika kwamba anapunjwa, lakini hakuwa na namba ya kushika mkononi. Wengi hawakujua kusoma ile mizani. Na anayesema anaibiwa bila kuwa na kipimo chake mwenyewe hujibiwa kwa urahisi: wewe unajuaje?

Haki ielezwe pande zote mbili. Wanunuzi nao walikuwa na malalamiko, na hayakuwa ya uongo yote. Wapo wakulima walionyunyizia pamba maji au kuweka mchanga chini ya gunia ili lizidi uzito. Kila upande ulikuwa umejifunza kumpunja mwenzake kabla hajapunjwa. Katika hali hiyo hakuna mazungumzo yanayofika popote, kwa sababu watu hawabishani juu ya gunia tena. Wanabishana juu ya tabia ya mwenzao.

Bomani na wenzake wangeweza kuanza kwa mikutano ya kulaani wanunuzi. Ilifanyika hiyo pia. Lakini jambo lililobadilisha mambo lilikuwa dogo na la kuchosha: waliweka wapimaji huru. Yaani kwenye kituo cha kununulia, mkulima aliweza kupima pamba yake kwanza kwa mtu aliyewekwa na wakulima wenyewe, kabla ya kuifikisha kwenye mizani ya mnunuzi. Sasa alikuja na uzito anaoujua. Kama mizani ya mnunuzi ilisema pungufu, swali lilikuwa dhahiri: mizani mbili, gunia moja, ipi imekosea? Swali hilo mtu yeyote anaweza kulijibu mbele ya watu, bila kumwita mwenzake mwizi.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote katika maisha ya Bomani, kubwa kuliko mambo ya uwaziri yaliyofuata. Hakujaribu kwanza kuwafanya wanunuzi wawe watu wema. Alihakikisha kipimo kinajulikana kabla ya kazi kukabidhiwa, na kwamba hakikai mikononi mwa upande mmoja.

Kwa Msukuma hilo halikuwa geni kabisa. Vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu vilikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, na kazi ya kikundi ilihesabiwa mbele ya wote. Na leo ukienda kwa vijana wa mjini wanaotengeneza programu za simu, zile unazotumia kutuma pesa au kusoma ukurasa huu, utakuta wamefika palepale kwa njia nyingine. Wanafanya kazi katika vikundi vidogo, kwa vipindi vifupi, na kabla ya kuanza huandika ni mambo gani yakitimia ndipo kazi itaitwa imekwisha. Siku ya kukabidhi, anayepokea hana ruhusa ya kuleta sharti jipya juu ya kazi ileile. Sharti jipya ni kazi mpya ya kipindi kijacho. Wasipoyaandika mapema, hugombana kama watu walio mbele ya mizani.

Wapimaji walikuwa mwanzo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani na wenzake waliunda umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na kuanzia mwaka 1953 vyama vya msingi vya pamba vikaanza kuandikishwa kijiji baada ya kijiji. Karibu na wakati huo Bomani alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya shirikisho moja lililojulikana kwa herufi VFCU, makao yake makuu Mwanza, na Bomani akawa meneja mkuu. Alikuwa na miaka 30. Mwaka uliofuata shirikisho likawa na kiwanda chake cha kwanza cha kuchambulia pamba, Kasamwa, katika Geita.

Kasi yake ilishangaza hata maofisa wa ushirika wa Kiingereza. Kabla miaka ya 1950 haijaisha, pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikipitia kwenye vyama vya wakulima. Vyama vya msingi vilifika mamia, na VFCU ikatajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Siasa nayo ilisaidia, ingawa kwa njia ya ajabu. Kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958 serikali ilizuia TANU kufanya kazi Usukumani. Watu waliozuiwa kukutana kwa ajili ya chama walikutana kwa ajili ya pamba, na hakuna ofisa aliyeweza kuwakataza kuzungumzia mizani.

Mambo ya serikalini nitayapitia kwa haraka. Bomani aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria miaka hiyohiyo ya 1950. Mwaka 1960 akawa waziri wa kilimo na ushirika katika serikali ya Nyerere, na mwaka 1962 waziri wa fedha wa Tanganyika iliyokuwa na uhuru wa miezi michache tu. Baadaye alishika wizara nyingine za uchumi.

Lakini nyuma yake, Usukumani, mzozo wa mizani ulikuwa umerudi. Safari hii hakukuwa na mnunuzi wa nje wa kulaumiwa. Aliyesimama kwenye mizani alikuwa katibu wa chama cha msingi, mtoto wa kijiji, pengine shemeji wa mkulima. Aliyekata makato alikuwa chama, kisha umoja, kisha shirikisho. Mkulima alipouliza kwa nini amepokea pungufu, aliambiwa hii ni mali yako mwenyewe, unamlalamikia nani? Ni jibu baya kuliko lile la mnunuzi, kwa sababu linamnyang'anya mtu hata haki ya kuwa upande wa pili. Wale wapimaji huru, waliokuwa mlango wa kwanza wa harakati yote, walionekana hawana kazi tena: nani aweke mlinzi dhidi ya chama chake?

Malalamiko ya namna hiyo hayakuwa ya pamba pekee, wala ya Kanda ya Ziwa pekee. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya rais kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima. Iliona ubadhirifu, watumishi wasio na ujuzi, viongozi waliojipendelea, na wanachama wasiojua fedha zao zimekwenda wapi. VFCU ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mwaka 1968 nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza, chama kikuu cha ushirika. Fikiria hali ya Bomani: alikuwa waziri katika serikali ileile iliyouchukua mti alioupanda mwenyewe.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kabisa na pamba ikanunuliwa na mamlaka ya serikali. Vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa tena, na karani wa kampuni akasimama palepale aliposimama karani wa mwaka 1950. Siku hizi pamba yetu ya Simiyu inapita AMCOS kabla ya kwenda kwa kampuni, na Wakala wa Vipimo ndiye mwenye dhamana ya kuhakiki mizani. Mizani iliyohakikiwa hubandikwa stika ya mwaka husika. Una haki ya kuitazama, una haki ya kuona namba kabla gunia halijashushwa, na una haki ya stakabadhi yenye uzito na daraja. Chama kinachoweza kuweka mizani ya pili pembeni, hata ya kuazima, kinafanya kile walichofanya akina Bomani, na kwa gharama ndogo kuliko kesi moja ya kugombania gunia.

Bomani mwenyewe alipelekwa Washington mwaka 1972 kuwa balozi wetu Marekani, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Aliporudi alishika tena wadhifa wa uwaziri, na kuanzia mwaka 1993 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yule anayewavisha wahitimu heshima ya kumaliza masomo. Aliishika nafasi hiyo hadi kifo chake. Alifariki London mwezi Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 80.