Johnny Bright: Walivunja taya, hawakuvunja mbio

Tarehe 20 mwezi wa 10 mwaka 1951, Johnny Bright wa Chuo Kikuu cha Drake aliingia uwanjani kule Stillwater, jimbo la Oklahoma, Marekani. Alikuwa na miaka 21. Mchezo wake si kabumbu ya kupiga kwa mguu: mpira unabebwa mkononi, na wapinzani wanakuangusha usifike kwenye mstari wao.

Bright alikuwa mtu mweusi. Dakika 7 hazijaisha, mzungu mmoja wa ekipe ya wenyeji alikuwa amemuangusha mara 3 hadi akazimia. Taya likavunjika, na mpira ulikuwa mbali naye. Hata hivyo alisimama, akatupa mpira uliozaa alama, ndipo akatoka.

Wapiga picha 2 wa gazeti la Des Moines walilikamata tukio lile. Mwaka 1952 picha zao zikapata tuzo ya Pulitzer. Marekani nzima ikaona, lakini aliyempiga hakupewa azabu. Chuo cha Drake kikajitoa katika ligi ile.

Mwaka ule wa 1952, Philadelphia ikamchagua Bright wa kwanza kwenye liste yake. Angekuwa mweusi wa kwanza kuichezea. Lakini kule kulikuwa wachezaji wengi wa kusini mwa Marekani, naye hakujua watamtendea namna gani. Basi akavuka mpaka, akaenda Kanada.

Alianzia Calgary, kisha 1954 akahamia Edmonton. Huko alibeba Kombe la Grey mara 3 mfululizo: 1954, 1955 na 1956. Mwaka 1959 akawa mweusi wa kwanza kutajwa mchezaji bora wa ligi ya Kanada. Alipoacha mwaka 1964, alikuwa amekimbia na mpira yadi 10,909. Ni karibu kilometa 10, huku watu wanamkamata kila hatua. Katika ligi ile hakuna aliyekuwa amefikisha hivyo.

Mwaka 1962 alikuwa amekwisha kuwa raia wa Kanada. Edmonton alikuwa pia mwalimu, kisha direkta wa shule. Alikufa tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 1983, moyo ukisimama wakati wa kupasuliwa goti. Alikuwa na miaka 53.

Chuo cha Stillwater kiliandika barua ya kuomba radhi mwaka 2005. Mwenyewe alikuwa kaburini zaidi ya miaka 20. Lakini Edmonton, watoto wanasoma katika shule yenye jina lake.