Sam Ntiro, Mchoraji wa Machame

Wengi wenu mmesikia jina la Michelangelo, yule fundi mkuu wa Italia aliyezaliwa mwaka 1475. Alipokuwa mchanga alitolewa kwenda kunyonyeshwa katika kijiji cha Settignano, karibu na mji wa Florence. Mlezi wake alikuwa binti wa mchonga mawe, na mumewe naye alikuwa mchonga mawe. Michelangelo alipokuwa mzee, na sifa zake zimeenea kote, alikuwa akisema kwa mzaha ya kwamba nyundo na patasi alizipata pamoja na maziwa ya mlezi wake. Mzaha huo una kweli ndani yake. Mambo ayaonayo mtoto kabla ya kufundishwa hukaa moyoni mwake kuliko mengi atakayofundishwa baadaye. Katika nchi yetu pia alikuwako mtu ambaye maisha yake yaonyesha jambo hilo waziwazi, naye ni Sam Joseph Ntiro.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, mteremkoni pa Kilimanjaro, mahali ambapo Misioni ya Leipzig ilianza kazi yake mwaka 1893. Sisi tukaao Mlalo twaweza kuiwaza nchi ile bila shida: ukungu wa asubuhi, migomba, mashamba ya mteremkoni, na sauti ya maji yapitayo mferejini. Huko Uchagani kila jamaa ilikuwa na kihamba chake, yaani shamba la urithi lenye nyumba katikati ya migomba, na mipakani pamepandwa masale. Mifereji ya maji, ambayo wao huiita mifongo, ilichimbwa na kusafishwa na watu wengi pamoja, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuyaleta maji ya mlima peke yake. Wanawake walishuka mpaka nchi ya chini kukata majani ya ng'ombe, wakarudi wakipanda mlima na mizigo vichwani. Tena penye arusi palipikwa mbege ya ndizi na ulezi, ikachukuliwa na kundi la watu mpaka nyumbani kwa wenyewe. Hayo ndiyo aliyoyaona kila mtoto wa Machame siku zile. Hakuna aliyemketisha na kumwambia ayatazame vema. Aliishi ndani yake tu.

Ntiro alipokua alikwenda Makerere, huko Uganda. Katika miaka ya 1930 Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alikuwa ameanza kufundisha uchoraji mjini Kampala, kwanza barazani pa nyumba yake mwenyewe. Bibi huyu hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia habari fulani, pengine ya kijijini, pengine ya Biblia, akawataka kila mmoja aione kwanza kwa macho ya moyo, ndipo ashike brashi. Basi, Ntiro alipotazama ndani ya moyo wake aliikuta Machame. Akachora watu wa kwao na kazi zao. Alipomaliza masomo akawa mwalimu papo hapo Makerere.

Mwaka 1952 alikwenda London kusoma katika shule ya Slade, akakaa huko mpaka mwaka 1955. Hapo ndipo ilipojulikana kama yale ya utotoni yana mizizi au hayana. Slade ni shule yenye sifa kubwa, na siku zile wanafunzi wake walifundishwa kuuchora mwili wa mtu kwa kumtazama mwenyewe amesimama mbele yao. Tena mjini mle zimo picha za mafundi wakuu wa kale, naye kijana wa kutoka mbali angeweza kuona haya kwa ajili ya migomba na mizigo ya majani. Ntiro hakuona haya. Akiwa katika mji wa moshi na mvua, aliendelea kuichora Machame. Tena mwaka 1953, siku zile zile za masomo yake, kilitolewa kitabu chake cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wachagga. Mkono wake ulikuwa London, lakini macho yake yalikuwa mlimani.

Katika picha zake utaona watu wengi wadogo chini ya miti na vilima, rangi zake zikiwa wazi. Sura za watu hazitofautishwi sana, wala hakuna mkuu aliyewekwa mbele ya wengine. Wote wanafanya kazi moja. Wako waliomlaumu, wakasema ya kuwa huo ni uchoraji wa mtu asiyesoma. Lakini Ntiro alikuwa amesoma, hata kuwapita wengi. Mtu aliyekua akiona maji yakiletwa na mikono ya watu wote, ajabu gani akichora watu wote na asichore mmoja?

Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi arusi mbege usiku. Labda wako kati yetu watakaosema afadhali angechora jambo jingine, kwa sababu ya madhara ya pombe. Lakini Ntiro hakuchora ulevi. Alichora jamaa moja ikiiendea jamaa nyingine kwa heshima. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, nchini Marekani. Hivyo njia ya usiku ya Uchagani ikapata mahali kati ya kazi za mafundi wa dunia nzima.

Mwaka 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha wa Uganda, mwanamke aliyepata shahada katika Chuo Kikuu cha Oxford. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alitumwa London kuwa balozi wa nchi yake, katika mji ule ule alikokuwa mwanafunzi. Baadaye alisimamia mambo ya utamaduni serikalini, akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Basi, ninyi wazazi na walimu, fikirini habari hizi. Twajitahidi kuwapeleka watoto shuleni, nasi twafanya vema. Lakini shule ilimpa Ntiro ufundi wa mkono. Kitu cha kuchora alikipata kwao, kwa watu waliokuwa wakilima, wakichimba mifereji na kuchukuliana mizigo, wala hawakujua kwamba wanamfundisha mtoto. Leo pia watoto wa Mlalo wanatutazama. Wanaona jinsi tunavyosaidiana shambani, na jinsi tunavyogombana mpakani. Watakapokuwa mbali nasi, watakayoyakuta mioyoni mwao ni hayo.