Kisoi Munyao: Shujaa wa Mlima Kenya aliyefariki fukara

Wakenya waliposherehekea uhuru Desemba 12, 1963, Kisoi Munyao alikuwa katika theluji ya Mlima Kenya. Mpanda milima huyo ndiye aliyeisimika bendera ya taifa kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni haba na baridi hupenya hadi mifupani.

Taifa lilimsifu, kisha likamsahau. Alifariki dunia mwaka 2007 akiwa fukara, bila kuonja matunda ya uhuru alioutangazia mlimani.

Vijana wa Kibera na Kawangware, ambao Milima ya Ngong haiko mbali nao, wakiipanda kujiburudisha, wafikapo juu na kushusha pumzi, na walikumbuke jina lake.