Kaisari Julian Machoni pa Askari Wake

Tumezoea kumtaja Kaisari Julian kwa jina moja tu, Mwasi, na kwa jina hilo hakuonewa. Alibatizwa, akawa msomaji wa Maandiko Matakatifu kanisani. Kisha, alipoishika dola yote mwishoni mwa mwaka 361, aliikana imani waziwazi na kurejesha ibada ya miungu. Hata hivyo yupo shahidi ambaye sisi waamini humsikiliza kwa nadra: Ammianus Marcellinus, Mgiriki asiyekuwa Mkristo, askari aliyekwenda vitani Uajemi pamoja na Kaisari huyo. Aliandika kwa Kilatini historia ya Roma yenye vitabu 31, ambavyo 18 vya mwisho ndivyo vilivyobaki, na Julian ndiye kipenzi chake.

Ni haki tukumbuke kwanza utoto wake. Mwaka 337, baada ya kifo cha baba yake mkubwa, Konstantino Mkuu, askari walimuua baba yake na jamaa zake wengi. Aliyelaumiwa ni binamu yake Constantius, Kaisari Mkristo. Mtoto huyo wa miaka kama sita akalelewa katika Injili chini ya mamlaka ya mtu huyohuyo. Sisi tunaomhukumu hatuna budi kulitazama jambo hilo bila kugeuza uso.

Ammianus anamsifu kwa moyo wote. Huko Gallia, ambayo sehemu yake kubwa ni Ufaransa ya leo, Julian alikuta kila kichwa kikidaiwa kodi ya sarafu 25 za dhahabu; alipoondoka zilibaki 7. Alipoingia ikulu ya Konstantinopoli akaagiza kinyozi, akaja mtu aliyevaa kifahari. Kumbe kinyozi huyo alipewa kila siku posho ya mikate ya watu ishirini na chakula cha farasi kiasi hichohicho, mbali na mshahara mnono wa mwaka. Kaisari akawafukuza vinyozi na wapishi wote. (Hata hapo mwandishi ananung'unika kidogo: waliokuwa waadilifu, japo wachache, wangebakizwa.)

Wala hafichi unafiki wake. Anasimulia kwamba mwaka 361, kwenye sikukuu ya Epifania, Julian aliingia kanisani akasali pamoja na Wakristo, ilhali moyoni alikwisha kuiacha imani zamani. Anaona pia kwamba sadaka zake za wanyama zilipita kiasi, hata watu wakahofu kwamba akirudi salama kutoka Uajemi ng'ombe wangekwisha.

Zito zaidi ni sheria ya mwaka 362 iliyowazuia Wakristo kufundisha sarufi na ufasaha wa lugha. Walimu wakatakiwa kuchagua kati ya imani na kazi yao. Ammianus, asiye na sababu ya kututetea, aliilaani sheria hiyo mara mbili: ni ya kikatili, na inastahili kuzikwa katika ukimya wa milele.

Julian alichomwa mkuki tarehe 26 Juni 363, akiwa bila dirii. Theodoreto, mwandishi Mkristo wa karne iliyofuata, anasema alikufa akikiri kwamba Mgalilaya ameshinda. Ammianus, aliyekuwa katika jeshi hilo, hana habari hiyo. Anamwonyesha hemani akizungumza na wanafalsafa juu ya roho. Kisha anataja fadhila zake moja baada ya nyingine, na papo hapo anageukia makosa: maneno mengi, kupenda kusifiwa, ushirikina, na tena ile sheria ya walimu.