Mama kapewa dawa ya saratani jichoni? Mjue Heidelberger

Msomaji mmoja wa Babati mjini ametuuliza swali ambalo huenda nawe limekukuta. Mama yake alifanyiwa upasuaji wa presha ya macho, yaani glakoma, na kwenye karatasi ya ruhusa pameandikwa 5-FU. Jirani anayefanya kazi duka la dawa akawaambia hiyo ni dawa ya saratani. Tangu siku hiyo nyumbani hakulaliki. Je, mama anafichwa ugonjwa?

Jirani hakukosea kuhusu dawa, ila kuandikiwa dawa hiyo kwenye upasuaji wa glakoma si dalili ya saratani. Ngoja nikusimulie habari za aliyeileta.

Charles Heidelberger alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1920. Baba yake, Michael, alikuwa mwanakemia aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza seramu, yale maji ya rangi ya manjano yanayobaki damu ikishaganda. Alisaidia kuthibitisha kwamba kingamwili zilizomo humo ni protini.

Mwana naye akasomea kemia, kisha akageukia saratani katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Watafiti wengine walikuwa wameona kwamba uvimbe wa saratani kwenye ini la panya hufyonza kwa wingi kitu kiitwacho urasili, ambacho seli hukihitaji ili zijigawe. Heidelberger akawaza kuzitegea chambo: urasili ya bandia, iliyopachikwa florini. Seli ikiimeza, inashindwa kujigawa. Mwaka 1957 yeye na wenzake wakaitangaza dawa hiyo, 5-FU, ambayo hadi leo inatibu saratani ya utumbo mpana na nyinginezo.

Jicho linaingiaje hapo? Kwenye glakoma shinikizo ndani ya jicho huharibu mshipa wa fahamu wa kuona. Daktari hutoboa njia ndogo ili maji yapungue. Lakini mwili haujui kuwa tundu hilo ni la msaada. Unaliona kidonda na kuliziba kwa kovu. Damu inapovuja pale, seramu yake huja na vichocheo vinavyoziamsha seli za kovu. Dawa ya mwana inazuia kazi ambayo seramu aliyoichunguza baba inaihimiza. Damu ikizidi kuvuja, seli zilizoponyoka dawa huamka tena. Ndiyo maana daktari hukausha damu kwanza, akaweka sponji yenye dawa kwa dakika chache, akasuuza. Kipimo ni kidogo, hakimnyonyoi mtu nywele.

Heidelberger mwenyewe alifariki kwa saratani Januari 1983. Mwaka uliofuata madaktari wa Florida wakachapisha matokeo ya kuijaribu dawa yake kwa wagonjwa wa glakoma. Baba yake aliishi hadi 1991, akiwa na miaka 103. Huku kwetu, utafiti uliofanyika Kikuyu, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa waliowekewa 5-FU walidhibitiwa shinikizo vizuri zaidi kuliko wasiowekewa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Babati, hofu yako ihamishie kwenye kovu. Najua nauli ya Arusha au Moshi inauma, lakini wiki za mwanzo ndizo kovu linapojengwa, na daktari anaweza kuongeza dawa kidogo kwa sindano akiliwahi. Mama asiache matone wala kusugua jicho. Likiwa jekundu, likiuma, likitoa usaha au uoni ukishuka ghafla, asingoje tarehe ya kliniki. Uoni uliokwisha kupotea upasuaji haurudishi, unalinda uliobaki.

Anayetarajia upasuaji amwambie daktari mapema kama ana mimba, au anatumia aspirini au warfarini, asiziache kwa uamuzi wake. Mzazi ambaye mtoto wake ana glakoma ajue kwamba kovu la watoto hujengeka haraka kuliko la wazee, na wanaweza kuhitaji kurudi chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja. Nawe mwana wa mama huyu, ukifika miaka 40 kapimwe macho, maana glakoma hufuata ukoo.