Babu na wasomaji wa ng'ambo

Azimio la Arusha lilipotolewa tarehe 5 Februari 1967, Abdulrahman Mohamed Babu alikuwa Waziri katika Serikali ya Muungano. Mzaliwa huyu wa Unguja alikwisha kuogopwa na Wamarekani tangu Mapinduzi ya 1964, walipohofu kuwa Visiwa vingegeuka Cuba ya Afrika.

Mzee Karume alipouawa mwaka 1972, Babu aliwekwa kizuizini Bara bila kushtakiwa huku. Mwaka 1974 mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo naye hayupo. Aliachiwa 1978.

Kitabu alichoandika kizuizini kilichapishwa London mwaka 1981. Alisema kuwa taifa linalouza mazao ghafi nje, mfano wa kahawa ya miteremko ya Meru, bila viwanda vyake lenyewe, halijajitegemea.

Marekani ile ile ikampa nafasi ya kufundisha vyuoni. Lakini aliyedhani amempata adui wa usoshalisti alikosea, kwani Babu aliudai uwe wa kweli zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Solzhenitsyn, Mrusi aliyefukuzwa kwao 1974. Nchi za Magharibi zilimshangilia, hata alipozikosoa nazo huko Harvard mwaka 1978, wengi wakamgeuka.

Babu alifariki London mwaka 1996, akazikwa Unguja. Sisi tunaona kuwa viongozi, wa Bara na wa Visiwani, hawana budi kumsoma wenyewe, wasingoje tafsiri ya wageni. Suala la kahawa ni letu, na jibu lake halitatoka London.